Mtu Kijijini Si Mkono wa Kazi Tu

Hotuba kwa wasaidizi wa maendeleo ya jamii waliomaliza mafunzo yao.



Nimeombwa niseme nanyi kabla hamjatawanyika kwenda vituoni. Mmekwisha kufundishwa kuitisha baraza, kuchora ramani ya kijiji na kuandika taarifa, wala sina la kuongeza katika hayo. Nataka kuwaulizeni neno moja tu. Mtakapofika mahali na kuwakuta watu wamekaa chini ya mti wakiwangojea, mtaona nini? Kazi yetu huharibika hapo hapo, kabla jembe halijainuliwa.

Wako waonao mikono ya kuchimba. Wako waonao maskini wa kuhurumiwa, na wako waonao wanafunzi wasiojua kitu. Wachache huona watu wenye hesabu zao, ambao wameishi na nchi ile miaka mingi na wanajua kwa nini hufanya wafanyavyo.

Tuchukue habari ya Machakos. Katika miaka ya 1930 wakuu wa serikali ya kikoloni waliona vilima vitupu na makorongo, wakasema kosa ni la wenyeji na wingi wa ng'ombe wao. Hawakupenda sana kutaja kwamba mipaka ya riziavu ilikuwa imewafungia Wakamba malisho yao ya zamani. Mwaka 1938 ng'ombe wakakamatwa kwa nguvu na kuuzwa. Watu wakafunga safari mpaka Nairobi, kiongozi wao akiwa Muindi Mbingu, wakakaa huko majuma kadhaa wakitaka kumwona Gavana. Muindi Mbingu alihamishiwa Lamu; lakini amri ile nayo ikaondolewa mwaka huo huo.

Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945 ikaja amri ya matuta. Watu walitolewa kwenda kuchimba kwa zamu, na wengi wao walikuwa wanawake, kwa maana wanaume walikuwa kazini mijini. Yalipendwa matuta membamba, kwa kuwa yalichimbwa upesi, na urefu wake ulipendeza ukiandikwa katika taarifa. Mengi yalibomoka. Huko Murang'a wanawake waliikataa kazi ya namna hiyo waziwazi.

Mambo yaligeuka Machakos katika miaka ya 1950, pale kazi ilipoachiwa mwethya, ndio ushirika wa kusaidiana uliokuwako tangu zamani. Watu wakachagua viongozi wao wenyewe, na shamba la nani lianze. Wakapenda tuta pana, na lile liitwalo fanya juu: mfereji huchimbwa kukingama mteremko, udongo ukatupwa upande wa juu, na mvua za miaka zikalisawazisha shamba zenyewe. Ni kazi ngumu zaidi, lakini maji hukaa, na mahindi, mboga au kahawa hulipa jasho. Mafundi wa serikali walikuwa na msaada wao katika kupima mistari, nami siwadharau. Mwanakijiji naye hajui kila kitu.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 wengi waliyaacha matuta kwa muda, kwa sababu yalinuka shuruti. Kisha wakayarudia kwa hiari yao. Wilaya iliyokuwa na watu kama 240,000 mwaka 1932 ilikuwa na karibu 1,400,000 mwishoni mwa miaka ya 1980, na udongo wake ulihifadhika kuliko zamani. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliyaeleza hayo katika kitabu chao cha mwaka 1994, nao walilinganisha picha za vilima zilizopigwa mwaka 1937 na za mahali pale pale mwaka 1991.

Msidhani nawacheka watu wa zamani. Nilipokuwa kijana katika kazi hii tuliitisha baraza kwa ajili ya kisima. Wanaume walisema, wanawake walikaa nyuma kimya, nami nikaandika kwamba wote wamekubali. Mchanga ukaletwa, mawe yakapasuliwa, na maji yakatoka ya chumvi, hata mbuzi wakayakataa. Bibi mmoja akaniambia kwamba walijua. Palichimbwa hapo zamani.

Nikamwuliza, "Mbona hukusema, mama?"

Akajibu, "Mwanangu, uliuliza nani ataleta mchanga. Hukuuliza maji yako wapi."

Jibu hilo sijalisahau. Siku hizi ushiriki wa wananchi umeandikwa katika Katiba ya mwaka 2010, na ofisi nyingi huutimiza kwa karatasi ya sahihi na soda. Karatasi ile haitawaambia ni nani hakuja kwa kuwa alikuwa akichota maji, wala ni nani alinyamaza kwa kuwa msemaji ndiye mwenye shamba analolima.

Kwa hiyo nawaombeni, juma la kwanza msiitishe baraza lolote. Tembeeni na wanaochota maji, alfajiri wanapokwenda. Ulizeni ni kazi gani iliwahi kushindwa hapo, na kwa nini. Wakiwaambia mradi mliokwenda nao haufai, uandikeni ukweli huo kwa mkubwa wenu, ingawa hataufurahia.

Magari yanangoja nje. Safari njema.