Ziwa Letu na Ufa Uliolizaa



Mmenitaka niseme juu ya matetemeko ya ardhi. Nami nitaanza na kosa langu mwenyewe. Siku ya Jumatatu, tarehe 5 Desemba 2005, yapata saa nane na robo mchana, nilikuwa nikisomesha watoto hapa Bujumbura. Ardhi ikatikisika, ubao ukacheza ukutani, watoto wakanikimbilia. Nikawakusanya wote chini ya ukuta wa matofali, nikawaambia watulie walete istighfari, kwani ile ni adhabu ya madhambi yetu. Ukuta haukuanguka. Lakini saa ile ile, ng'ambo ya ziwa, mjini Kalemie, nyumba za watu ziliporomoka.

Tetemeko lile lilikuwa na nguvu ya 6.8, na chanzo chake kilikuwa chini ya ziwa hili hili tunalovua ndagala. Urefu wa Tanganyika ni kilometa 670 hivi, na kina chake hufika meta 1,470. Uso wake umeinuka kama meta 770 juu ya bahari. Basi sakafu yake imezama meta 700 chini ya usawa wa bahari, nasi tuko mbali na pwani namna hii! Hakuna mto uchimbao shimo kama hilo. Nchi imepasuka, na kati ya kingo mbili ardhi ikadidimia, maji yakajaa.

Mwaka 1912 Mjerumani Alfred Wegener alisema kwamba mabara husogea. Wengi walimcheka, kwa kuwa hakuweza kuonyesha ni nguvu gani iyasukumayo. Akafa mwaka 1930 katika barafu ya Greenland kabla ya kusadikiwa. Baadaye bahari zilipopimwa, ilionekana safu ndefu ya milima chini ya Atlantiki. Bibi mmoja wa Marekani, Marie Tharp, aliyekuwa akichora ramani yake, aliona kileleni bonde lililopasuka, lililofanana na mabonde ya Afrika Mashariki. Mwenzake aliyadharau maneno hayo kuwa ni porojo za kike, kisha akakubali. Katika ufa ule mwamba wa moto hupanda, hupoa, ukawa sakafu mpya, na pande mbili huachana.

Gamba la dunia, basi, ni mabamba makubwa yasogeayo juu ya mwamba wa moto ulio laini. Bahari ya Shamu, waivukayo mahujaji wetu, ilizaliwa Arabuni ilipojitenga na Afrika. Huku kwetu kazi hiyo ingali changa: pande mbili za ziwa huachana kwa milimeta chache kwa mwaka, polepole kuliko ukucha unavyokua. Wala si kila ufa huzaa bahari. Ule wa Benue, nchini Nigeria, ulikoma zamani. Lakini miamba haiteleze kwa ulaini. Hung'ang'aniana miaka mingi, kisha huachia ghafula, na huko kuachia ndiko tetemeko.

Mzee mmoja aliniuliza kama ufa huu ndio uliopandisha maji yakafunika nyumba za Gatumba mwaka 2020 na miaka iliyofuata. La, mzee wangu. Yale yalikuwa maji ya mvua nyingi, na ziwa letu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga.

Yote haya ni kudra ya Mwenyezi Mungu, kama mvua ilivyo. Lakini nani aliyetupa sisi ruhusa ya kuwahukumu wa Kalemie kuwa walikuwa waovu kutushinda? Tarehe 3 Februari 2008 ilitikisika Bukavu na Rwanda jirani yake, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo watu waliokuwa kanisani wakisali, jengo likawaangukia. Waliuawa na kuta.

Ukuta wa matofali matupu hufunguka pembeni unapotikiswa. Hushikamana ukifungwa juu kwa mkanda wa zege wenye nondo, unaozunguka kuta zote pasipo kukatika. Nimeyasoma makadirio ya madrasa yetu mpya mara mbili. Mkanda huo haumo. Naiomba kamati iuongeze kabla mafundi hawajapandisha kuta, hata ikibidi rangi na madirisha yangoje mwakani.