Dawa Isafiri na Karatasi Zake

Maelezo yaliyoandaliwa kwa wakazi wa Giakanja wanaojiandaa kusafiri kwa ndege kwenda nje ya nchi



Vijana wengi wa Nyeri wanaenda kufanya kazi Saudi Arabia, Qatar na Dubai. Wauguzi wanaenda Uingereza. Akina nyanya wanaitwa Marekani kuwaona wajukuu. Baadhi yao wanatumia dawa kila siku: za presha, kisukari, pumu, kifafa, au ARV. Wiki nzima hushughulikiwa pasipoti, tiketi na sanduku. Dawa hukumbukwa usiku wa mwisho, na hutiwa mkobani katika bahasha ndogo ileile iliyotoka nayo zahanati.

Bahasha iliyoandikwa "1 x 2" kwa kalamu inamtosha mgonjwa akiwa nyumbani. Kwa afisa wa forodha katika nchi nyingine, hizo ni tembe nyeupe zisizo na jina wala mwenyewe.

Jambo la kwanza ndilo zito zaidi. Dawa inayotolewa kihalali hapa Kenya inaweza kumfikisha mtu kizuizini kwingine. Tramadol ya maumivu, kodeini iliyomo katika baadhi ya dawa za kikohozi, diazepam, na fenobabitoni ya kifafa ni dawa zinazodhibitiwa vikali katika nchi nyingi, zikiwemo za Ghuba. Mwaka 2017, mwanamke kutoka Uingereza alikamatwa katika uwanja wa ndege nchini Misri akiwa na tembe 290 za tramadol. Alijitetea kwamba alikuwa akimpelekea mpenzi wake aliyeumwa mgongo, na kwamba hakujua zimekatazwa. Alihukumiwa kifungo cha miaka 3. Kutojua hakukumwokoa.

Hii haimaanishi mgonjwa aache dawa. Mwenye kifafa akiacha fenobabitoni ghafla, kifafa kinaweza kurudi mfululizo na hata kuua. Wakala wa kazi akimwambia msafiri, "Ficha tu," au, "Acha dawa mpaka upate kazi," asisikizwe. Zipo njia mbili za halali. Ya kwanza ni kuomba kibali kabla ya safari: katika Falme za Kiarabu maombi hupelekwa kwa mamlaka husika ya huko kupitia mtandao, na katika Saudi Arabia hupelekwa kwa mamlaka ya chakula na dawa. Ya pili ni kumwuliza daktari kama kuna dawa nyingine inayofaa. Kubadilisha dawa ya kifafa hufanywa polepole, chini ya uangalizi, kwa hivyo msafiri asingoje wiki ya mwisho. Afike kliniki mara tu anapoanza kutafuta viza. Asiyejua sheria za nchi anayoiendea aulize ubalozi wake ulioko Nairobi.

Karatasi zinazohitajika si nyingi. Msafiri awe na barua ya daktari kwa Kiingereza, yenye muhuri, tarehe na jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti. Barua itaje ugonjwa, jina la dawa yenyewe, kipimo, na kiasi anachobeba. Jina la kibiashara pekee halitoshi, maana hubadilika, na hata jina la dawa yenyewe huweza kutofautiana: parasetamoli huitwa acetaminophen Marekani, na salbutamol ya pumu huitwa albuterol. Aongeze nakala ya karatasi ya daktari ya kuagiza dawa, na picha zake katika simu. Mfamasia aombwe kutoa dawa katika pakiti au chupa yake ya kiwandani, ikiwa na lebo ya jina la mgonjwa. Kiasi kilingane na siku za safari na ziada kidogo, kwa kuwa nchi nyingi huweka kikomo.

Dawa zibebwe katika mkoba wa mkononi. Sanduku linalowekwa chini ya ndege linaweza kupotea, na baridi ya huko inaweza kuganda insulini. Insulini iliyoganda haifai tena, hata ikiyeyuka. Joto nalo huiharibu. Mwezi wa Julai, Giakanja watu huvaa makoti, lakini Dubai joto hupita nyuzi 40. Kifuko chenye kipoozeo kitasaidia, mradi barafu isiguse insulini.

Katika ukaguzi, viwanja vingi haviruhusu kimiminika kinachozidi mililita 100 mkononi, lakini dawa ya lazima kwa kawaida huruhusiwa. Msafiri amwambie afisa kabla mkoba haujaingia kwenye mashine, na aonyeshe barua. Sindano za insulini pia zinahitaji barua hiyo.

Saa nazo zizingatiwe. Riyadh na Doha zina saa sawa na Nairobi, na Dubai iko mbele kwa saa moja tu. New York iko nyuma kwa saa 7 au 8, na safari ya moja kwa moja huchukua takriban saa 15. Mwenye kutumia insulini au dawa ya kifafa apangiwe ratiba na daktari kabla ya kuondoka.

Mwisho ni mzigo wa watu wengine. Jirani husema, "Mpelekee shangazi dawa zake." Aliyebeba ndiye atakayeulizwa, na barua ya shangazi haimkingi. Tembe zisizo na jina, unga wa mitishamba na chupa iliyokwisha funguliwa virudishwe kwa mwenyewe. Miraa na muguka wa jirani zetu wa Meru na Embu usiingie mkobani kabisa: Uingereza ilipiga marufuku miraa mwaka 2014, na nchi za Ghuba huihesabu kuwa dawa ya kulevya.

Mwenye safari alete pasipoti na dawa zake zote siku ya kliniki, azimwage mezani, na aulize moja baada ya nyingine. Ni heri ulizo lifanyike hapa, ambapo jibu likiwa baya bado kuna muda wa kurekebisha.