Kengele ya Mwongoza Ndege



Ndege ndogo inayopita juu ya Jinja kwa urefu wa meta 3,000 kutoka usawa wa bahari haina mlima wa kuihofia. Chini yake ni mji, Mto Nile na mashamba ya miwa. Lakini ndege hiyo ikishika njia ya Mbale, kisha ikaupita mji huo kuelekea mashariki kwa urefu ule ule, mbele yake utasimama Mlima Elgon, ambao kilele chake cha Wagagai kina meta 4,321. Urefu uliokuwa salama Jinja sasa ni kifo, ingawa ndani ya ndege hapana kilichobadilika. Na safari yote haichukui hata saa moja.

Kazi ya mwongoza ndege ni kuitambua hatari ya namna hiyo kabla haijafika. Zamani alikuwa na redio, saa, na vipande vya karatasi vilivyoandikwa jina la kila ndege, urefu wake na wakati wake wa kufika. Picha ya anga aliichora kichwani mwake. Ilipokuja rada, aliweza kuona ndege ilipo. Kompyuta nayo imeongeza jingine: hupima mwendo, mwelekeo na urefu wa ndege, hukadiria itakapokuwa muda mfupi ujao, kisha hulinganisha na ramani ya milima na njia za ndege nyingine. Ikiona hatari, alama huwaka kwenye kioo na kengele hulia.

Wako wanaodhani kwamba nchi ikishanunua chombo kama hicho, usalama umekwisha kupatikana. Mambo yaliyotokea kwingineko yanaonya vingine. Tarehe 6 Agosti, 1997, ndege ya Korea ya Kusini iligonga kilima katika kisiwa cha Guam, na watu 228 wakafa. Makosa makubwa yalikuwa ya marubani. Hata hivyo, uchunguzi ulionyesha kwamba chombo cha kuonya juu ya urefu wa hatari kilikuwapo, ila kilikuwa kimezuiwa kwa makusudi kufanya kazi karibu na kiwanja, kwa sababu kilikuwa kikitoa maonyo mengi yasiyo ya kweli.

Usiku wa tarehe 1 Julai, 2002, ndege mbili ziligongana juu ya Überlingen, Ujerumani, na watu 71 wakafa. Anga hiyo ilikuwa ikiongozwa kutoka Zurich, Uswisi, na mtu mmoja aliyekuwa peke yake mbele ya vioo. Mitambo ilikuwa katika matengenezo, na alama ya onyo haikuonekana kwenye kioo chake. Jirani zake wa Karlsruhe, Ujerumani, waliiona hatari hiyo kwenye kioo chao. Walijaribu kumpigia simu, lakini simu haikupita.

Jambo hili la jirani linaihusu Afrika ya Mashariki moja kwa moja. Mpaka wa Uganda na Kenya unapita juu ya Mlima Elgon. Upande mmoja anga huongozwa kutoka Entebbe, na upande wa pili kutoka Nairobi. Hadi mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, huduma hizo zilikuwa chini ya idara moja. Leo kila nchi ina mamlaka yake, ingawa tangu mwaka 2007 uko wakala wa Jumuiya ya sasa, wenye makao Entebbe, unaoshughulikia usalama wa anga kwa pamoja. Ndege haisimami mpakani kungoja simu itengenezwe.

Kwa hiyo bei ya chombo ni sehemu tu ya gharama. Ramani ya milima iliyomo ndani yake lazima iwe sahihi. Kengele za uongo zipunguzwe bila kuizima ya kweli. Kila anayeingia zamu aambiwe waziwazi ni chombo gani hakifanyi kazi siku hiyo. Simu ya akiba kati ya jirani na jirani ijaribiwe kabla ya kuhitajiwa. Na mwongoza ndege aendelee kufundishwa kuongoza kwa redio, saa na karatasi, ili kioo kikizimika, abiria aliye juu ya Mbale asipotee pamoja nacho.