Meza Iliyo Mfukoni

Zamani mcheza kamari alilazimika kutoka nyumbani kwenda mchezoni. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, na kampuni za kubeti zikaja kuitumia, meza ya kamari imo mfukoni. Hapa Kiamunyi baba aweza kuketi na wanawe, na karo ikapotea papo hapo asijue mtu.

Mkeka ukichanika, moyo humwambia: weka tena, utarudisha. Huo ndio mtego, kwa maana kampuni huishi kwa fedha za wanaoshindwa.

Mwaka 2025 Kenya ilipata sheria mpya ya kamari badala ya ile ya 1966. Ni vema, lakini sheria haiketi na mtu usiku wa manane. Jirani aweza.

Askari walipigia kura vazi la Bwana, naye akifa karibu nao. Sisi tusipite hivyo. Nduguyo akija kukopa ili arudishe hasara, usimpe fedha, wala usimtangaze. Peleka unga kwake, lipa karo shuleni, kisha keti naye aifunge akaunti ile.

Nawe unayeficha, mwambie mtu mmoja leo. Deni la siri huzaa deni.

Mungu akubariki. Amina.