Habari za Ayalandi na Lugha ya Wazee Wetu
Maneno yaliyosemwa mbele ya Waalimu na Makatekista katika mafungo ya siku tatu



Mafungo haya, tangu Ijumaa jioni hata Jumapili adhuhuri, tumeyapewa ili tuzijue habari za Ayalandi, nchi walikotoka wengi wa mapadre na masista waliotufundisha. Jubilei ni wakati wa kushukuru. Wala mtu hawezi kumshukuru mgeni wake sawasawa asipojua kwao alikuwa nani. Basi na tuuanze mwanzo.

Katika karne ya tano kijana mmoja wa Britania, jina lake Patrick, umri wake kama miaka 16, alitekwa na wanyang'anyi akapelekwa Ayalandi kuwa mtumwa. Alichunga mifugo miaka sita, kisha akatoroka akarudi kwao. Walakini hakukaa. Alirejea kwa watu wale wale waliomtumikisha, naye sasa ni Askofu, akawahubiria Injili. Baada yake wakatokea watawa wengi. Columba alivuka bahari mwaka 563, akajenga monasteri katika kisiwa cha Iona. Columbanus akajenga Luxeuil katika Ufaransa na Bobbio katika Italia, akafa mwaka 615. Hivyo nchi iliyoletewa imani na mtumwa ikawa nchi ya kupeleka imani kwa wengine.

Lakini siku za taabu zikaja. Tangu mwaka 1695 zilitungwa sheria kali juu ya Wakatoliki: wasiwe na shule zao, wasinunue ardhi, wasishike kazi za serikali. Misa ikasomwa juu ya miamba mikubwa huko porini, na watoto wakafundishwa kwa siri kando ya nyua za miti. Ilikuwa mwaka 1829 ndipo Wakatoliki, wakiongozwa na Daniel O'Connell, walipopata ruhusa ya kuingia katika Bunge.

Kisha ikaja njaa. Mwaka 1845 viazi, chakula cha maskini, vilishikwa na ugonjwa vikaoza shambani, na miaka iliyofuata ikawa vivyo hivyo. Watu kama milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi. Wengine zaidi ya milioni moja walipanda merikebu wakaenda zao ng'ambo, hasa Marekani. Na wakati huo huo nafaka na ng'ombe waliendelea kutolewa nchini kwenda kuuzwa Uingereza. Mwaka 1841 nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Mwaka 1851 walibaki kama milioni 6 na nusu.

Sasa tuseme habari ya lugha, maana hapo ndipo pana somo letu. Katika Kiayalandi mtu akikutana na mwenziwe humwambia, "Dia dhuit," yaani Mungu awe nawe. Naye mwenziwe hujibu, "Dia is Muire dhuit," yaani Mungu na Maria wawe nawe. Tazameni, salamu yao ni sala. Tena wana methali isemayo kwamba watu huishi katika kivuli cha wenzao. Nasi twaielewa bila kufasiriwa, kwa kuwa wazee wetu walisema mtu ni watu.

Lugha hii yenye sala ndani yake ilipoteaje? Mwaka 1831 zilianzishwa shule za serikali, na mafundisho yake yalikuwa kwa Kiingereza. Mahali pengi mtoto alivikwa kijiti shingoni kwa uzi. Kila aliposema Kiayalandi, kijiti kilikatwa alama moja. Jioni mwalimu alihesabu alama, akampiga mtoto kwa hesabu hiyo. Na nani aliyekata alama huko nyumbani? Mara nyingi ni baba na mama! Hawakuwa wabaya. Walikuwa wameiona njaa, wakajua kwamba mwenye Kiingereza atapata kazi huko Boston au New York. Mapadre wengi nao wakahubiri kwa Kiingereza. Lugha iliyostahimili sheria kali ikaachwa na wenyewe, tena kwa upendo wa watoto.

Mwaka 1893 Douglas Hyde, mwana wa mchungaji wa Kiprotestanti, na Eoin MacNeill, Mkatoliki, pamoja na wenzao walianzisha chama cha kuifufua lugha. Katiba ya mwaka 1937 ikaitaja kuwa lugha ya kwanza ya taifa, na mwaka 1938 Hyde akawa Rais wa kwanza. Hata hivyo, katika hesabu ya watu ya mwaka 2022, watu zaidi ya milioni 1.8 walisema wakijua Kiayalandi, lakini walioisema kila siku nje ya shule walikuwa karibu 72,000 tu. Kuukata mti ni kazi ya asubuhi moja. Kuuotesha ni kazi ya vizazi.

Ndugu wapenzi, wengi wetu tulipokuwa shuleni tulivishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama. Twajua uzito wake. Lakini leo vibao vimepungua, na watoto wetu hawaisemi lugha hiyo hata bila kibao. Nyanya aanza Baba Yetu, na mjukuu hawezi kumwitikia. Hapo imani yenyewe yakosa njia ya kupita.

Wamisionari wa Mtakatifu Patrick, ambao shirika lao lilianzishwa mwaka 1932, waliingia Turkana mwaka 1961 wakati wa njaa. Wana wa nchi ya njaa waliwapelekea chakula wenye njaa. Tena walijifunza lugha ya wenyeji ili waseme nao. Ikiwa mgeni alijitaabisha hivyo, itakuwaje mwenyeji aitupe?

Hatusemi Kiingereza kiachwe, wala Kiswahili, ambacho ndicho kitukusanyacho hapa. Twasema mambo mawili tu. Kila nyumba isali walau fungu moja la Rozari kwa lugha ya wazee kila jioni. Na ninyi Waalimu, katika mwaka huu wa Jubilei, chukueni daftari, mwende kwa wazee wa kila kigango, mkaandike sala, methali na nyimbo zao kabla hawajalala. Mzee hangoji Jubilei nyingine.

Mungu awe nanyi, na Maria Mama yetu awe nanyi.