Nani Alale Kivinje? Majengo Matupu ya Pwani na Makazi ya Wasanii

Mhadhara wa umma uliotolewa Njinjo, Wilaya ya Kilwa



Kuna atakayeuliza kwa nini mhadhara kuhusu nyumba za Kilwa Kivinje utolewe Njinjo, mbali na bahari. Ni kwa sababu Kivinje haikujengwa na bahari peke yake. Katika karne ya 19 mji ule ulikuwa mwisho wa njia za misafara iliyotoka Ziwa Nyasa, na utajiri wake ulishuka kutoka bara: pembe za ndovu, sandarusi, na watu waliofungwa minyororo. Hadi Sultani Barghash alipobanwa na Waingereza mwaka 1873, akatia saini mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari, hapakuwa na bandari ya kusini iliyoishinda Kivinje kwa biashara hiyo. Ghorofa za pale zimesimama juu ya migongo ya watu wa huku. Anayejadili hatima yake bila kuwaita ninyi amejadili nusu ya jambo.

Kivinje haijafa. Hospitali ya Kinyonga inapokea wagonjwa, samaki wanashushwa ufukweni, watoto wanakwenda shule. Ila serikali ilihamishia makao yake Kilwa Masoko, biashara kubwa ikafuata njia nyingine, na familia nyingi za wafanyabiashara zikatawanyika. Nyuma yao zimebaki nyumba ambazo warithi wake wako Dar es Salaam, Unguja au ng'ambo, hawakai humo, hawauzi, hawatengenezi. Boma la Wajerumani nalo limechakaa na halina mkaaji.

Nyumba ya mawe ya pwani hufa kuanzia juu. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyofungwa kwa chokaa na udongo, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko ambazo urefu wake ni karibu mita tatu. Ndiyo maana vyumba vya pwani ni vyembamba na virefu: boriti ndiyo iliyoamua upana. Bati moja likitoboka, maji hushuka ndani ya ukuta. Udongo huyeyuka, na ncha ya boriti iliyozikwa ukutani huoza mahali pasipoonekana. Kwa nje nyumba huonekana imesimama, kisha masika moja dari inaanguka. Tena siku hizi mvua zenyewe zimekuwa kali; Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilikata barabara kuu ya kusini hapa hapa Kilwa, na ukuta wa udongo na chokaa usio na paa hauna ubavu wa kushindana na mvua ya namna hiyo.

Dawa ya kwanza ya nyumba hizi ni mtu anayelala ndani. Yeye ndiye anayesikia tone usiku na kupanda asubuhi kuziba. Makumbusho hufungwa saa kumi, na hoteli hungoja msimu wa watalii. Mkaaji yupo.

Naomba niseme pia jambo la kiufundi ambalo wenye nia njema hulikosea mara kwa mara. Ukuta wa matumbawe unapumua: unyevu unaingia na kutoka. Ukiupiga lipu ya saruji, umeuziba pumzi. Chumvi hujikusanya nyuma ya saruji, lipu hubanduka kwa mapande na kuondoka na jiwe, na ukuta unabaki mbovu kuliko ulivyokuwa kabla ya kutengenezwa. Mafundi waashi wazee wanaojua kuchoma chokaa, kuizimua kwa maji na kuiacha ikae mpaka iive kabla ya kuitumia wanahitajika kuliko mfadhili yeyote. Kila nyumba inayotengenezwa iwe darasa la vijana wa Kivinje na wa Njinjo.

Sasa, kwa nini wasanii? Kwa sababu nyumba ya mfanyabiashara wa Kivinje ilijengwa kwa maisha ya namna yao: duka chini, familia juu, baraza mbele. Chini akae mchongaji na vumbi lake, au mama mfinyanzi na udongo wake. Juu walale watoto. Barazani mteja akae. Na malighafi inatoka huku huku. Vijiji vya Kikole na Kisangi, katika wilaya yetu hii, vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu ya asili ya kijiji, vikiwa vya kwanza barani Afrika. Mpingo wa Kilwa unasifiwa duniani kote na watengenezaji wa klarineti. Lakini kijana wa Kilwa anayetaka kuuchonga anafikiria kwanza nauli ya kwenda Mwenge, Dar es Salaam, na chumba cha kupanga akishafika.

Wapo waliotutangulia. Mikindani, mkoa jirani wa Mtwara, Boma lililojengwa 1895 lilitengenezwa na shirika la Trade Aid likawa hoteli na mahali pa kufunzia vijana kazi. Jengo lilipona, na vijana walipata ujuzi. Ninaliheshimu sana jambo hilo. Lakini wanaolala Bomani ni wageni. Dar es Salaam, Nafasi Art Space imewapa wasanii karakana huko Mikocheni tangu 2008, na imelea wachoraji wengi, ila jioni kila mmoja hurudi kwenye chumba chake cha kupanga. Unguja, baada ya Mapinduzi ya 1964, familia nyingi za kipato cha chini ziliwekwa katika nyumba za Mji Mkongwe zilizoachwa na wenyewe. Kodi ilikuwa nafuu kweli, lakini fedha za matengenezo hazikuwekwa popote, na nyumba nyingi zikawaporomokea waliokaa humo. Hoteli zilipokuja, nyumba nyingine zikapona, na wakazi wa kipato kidogo wakapata shida kubaki.

Mbali zaidi, New York, maabara ya zamani ya kampuni ya simu ya Bell iligeuzwa mwaka 1970 kuwa Westbeth, makazi 384 ya wasanii kwa kodi ndogo. Walioingia wakakaa. Walizeeka humo, na hilo ni sifa kwa nyumba. Lakini foleni ya waliongoja ilirefuka hata mwaka 2007 orodha ikafungwa. Kijana hakupata mlango wa kuingilia.

Mifano hii inanifanya niamini kwamba mapambano makubwa hayako kwenye lipu wala boriti. Yako kwenye kodi na hati. Mwenye nyumba wa mjini hudai kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Mpiga ngoma hapati fedha kwa namna hiyo. Msimu wake ni baada ya mavuno, wakati wa harusi, jando na unyago. Msusi wa mikeka anauza leo, kisha anakaa wiki nzima bila mteja. Na msanii wa Njinjo ni mkulima pia. Fedha yake ya uhakika hufika ufuta ukishapita mnadani. Kodi ya nyumba za Kivinje ifuate kalenda hiyo. Ilipwe baada ya mnada, na sehemu yake iliyotajwa kwenye mkataba iwekwe kwenye mfuko wa matengenezo usioguswa kwa jambo jingine lolote. Kodi nafuu isiyo na mfuko huo ni ahadi ya kumwangushia mtu dari.

Kuhusu hati, warithi wasinyang'anywe. Nchi hii bado inakumbuka Sheria ya Kutwaa Majengo ya 1971 na majeraha yake. Watu wa pwani tuna njia ya zamani tunayoielewa vizuri: wakfu, mali isiyouzwa, isiyorithiwa, isiyotolewa zawadi, ambayo pato lake lina kazi iliyotajwa na mwenyewe. Mrithi asiyetaka kufika huko aipangishe nyumba kwa miaka ishirini kwa bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa udhamini. Mwisho wa muda anarudishiwa nyumba yenye paa. Kwenye bodi hiyo wakae wenyeji wa Kivinje, wasanii wenyewe, na watu wa bara.

Boma lenyewe nisingelifanya makazi. Kivinje ni mji ambamo Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani, alinyongwa mwaka 1895, na Mwembe Kinyonga bado unatajwa kwa unyongaji uliofanyika pale. Mkoloni alitawala kutoka katika jengo lile. Liezekwe paa, liwe mahali pa kuhifadhi kumbukumbu na kuonyesha tamthilia, na kila mwenye kuingia aambiwe yaliyotendeka. Kulala, watu walale kwenye nyumba za mtaani.

Tuanze na nyumba moja tu, ambayo warithi wake wanajulikana na wamekubali. Paa kwanza, mifereji ya maji pili, choo tatu, rangi ingoje. Wapangaji wa juu wapewe mkataba mrefu, kwa sababu mtu hawezi kulea watoto kwa mkataba wa miezi. Chumba kimoja cha chini kisipewe mpangaji wa kudumu. Kibaki kwa fundi wa kutoka Njinjo, Kipindimbi au Nanjirinji, atakayeshuka na magogo yake ya mpingo ufuta ukishauzwa, afanye kazi mpaka mvua za kupandia, kisha akabidhi ufunguo kwa mwenzake.