Uzi wa Kidonda Una Siku Yake

Leo tuzungumze juu ya nyuzi za kushonea kidonda.

Tulipokuwa kambini, mdogo wangu alikatwa na bati mguuni. Muuguzi akamshona nyuzi sita. Siku ya tano kidonda kilimwasha, na kwa juu kilikuwa kimefunga. Mama akaona kimepona, akazikata kwa wembe. Kesho yake mtoto akacheza mpira, kidonda kikafunguka chote. Mama hakufanya kwa uzembe; hakuna aliyetuambia siku ya kurudi.

Ngozi hufunga kabla nyama ya ndani haijashikana vizuri. Ndiyo maana kila mahali pana siku zake: usoni karibu siku 5, kichwani 7 hadi 10, mikononi na miguuni 10 hadi 14. Nyuzi zingine huyeyuka zenyewe mwilini. Za nailoni haziyeyuki, lazima zitolewe.

Kwa hiyo mama, baba, kabla ya kutoka kituo cha afya uliza: Nyuzi ni ngapi? Ni za kutolewa? Nirudi siku gani? Omba majibu yaandikwe kwenye karatasi, ili ukihama, muuguzi mwingine ayasome. Uliza pia chanjo ya pepopunda. Kidonda kikivimba, kikitoa usaha, au ukipata homa, usingoje siku uliyopewa, nenda leo.

Mdogo wangu amebaki na kovu pana kama kidole.